Bustani penye ua la shaba

Kiangazi kilichopita kilipokuwa kikiisha, jirani yangu mmoja hapa Ruashi, mama wa watoto sita, alinijia jioni uso wake umejaa furaha. Alikuwa amepata kipande cha ardhi cha kulima mboga, naye alitaka nikitazame kabla hajaanza kupanda. Mahali penyewe ni nje kidogo ya nyumba za mwisho, upande wa kuelekea mgodini, pale msitu unapokatika ghafula na ardhi kuwa wazi, bila kisiki wala mzizi mkubwa. “Tazama, Baba,” aliniambia, “sitahitaji kuazima shoka. Pamekwisha kufyekwa tangu zamani. Tena maua yamechanua, na mvua bado haijanyesha. Ardhi inayotoa maua kabla ya mvua, je, si ardhi njema?”

Sikujua la kumjibu. Mimi ni mtu wa kalamu, jembe nalishika siku ya Jumamosi tu. Kwa hiyo nilimwomba mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyefanya kazi ya migodi ujana wake wote, atusindikize kesho yake asubuhi. Mzee alisimama katikati ya kiwanja, akaegemea fimbo yake, akalitazama kwa muda mrefu ua moja dogo la rangi ya zambarau iliyofifia. Kisha akageuza udongo kwa ncha ya fimbo, akaokota kijiwe cha kijani kibichi, akakipangusa kwa kidole. “Mama,” alisema, “hapa usipande kitu cha kuliwa. Chini ya ua hili mna mukuba.”

Mama alinyamaza. Nusu ya bei ya kiwanja alikuwa amekwisha kuitoa, nayo ilikuwa fedha aliyoikusanya kwa kuuza makaa sokoni, kikapu kwa kikapu. Mwishowe akauliza: “Na ua linawezaje kujua yaliyo chini ya ardhi?”

Juma hili nataka kulijibu swali lake, kwa maana si yeye peke yake anayehitaji jibu. Wako wengi katika Ruashi, na katika Kipushi, Likasi na Kolwezi pia, wanaotafuta mahali pa kulima karibu na nyumba zao, na ardhi iliyo wazi huwavuta kwa urahisi. Tena ua lenyewe lina habari inayostahili kujulikana na watoto wa nchi hii.

Nchi yetu ya Katanga ya Juu ni nchi ya miombo. Ingawa wachoma makaa wameirudisha miti nyuma mwaka hata mwaka, bado msafiri aendaye Likasi na Kolwezi huiona miti hiyo mahali pengi. Lakini hapa na pale, katikati ya msitu, huinuka kilima kilicho wazi, chenye majani na mawe tu, kama kichwa cha mtu mwenye upara. Vilima vya namna hii ni zaidi ya mia katika nchi ya shaba. Si shoka lililoiondoa miti, wala si moto. Miti haikuweza kumea hapo, kwa sababu mwamba wenye shaba na kobalti umefika karibu na uso wa ardhi, ukavunjikavunjika kuwa udongo, na udongo huo ni sumu kwa mizizi yake.

Kila mmea wahitaji shaba kidogo, kama vile mboga inavyohitaji chumvi kidogo. Katika udongo wa kawaida, kilo moja huwa na makumi machache tu ya miligramu za shaba. Katika vilima hivi, kilo moja ya udongo yaweza kuwa na gramu 10, hata zaidi, yaani mara mamia. Fikirini mpishi anayemwaga kopo zima la chumvi katika chungu kilichohitaji chembe za vidole viwili. Nani atakula? Hivyo ndivyo ilivyo kwa mahindi, kwa mihogo, na kwa mti mchanga wa miombo: shaba ikizidi huidhuru mizizi, nayo mizizi iliyodhurika hushindwa kunywa maji na kulisha majani.

Walakini kilima hicho si jangwa. Mamia ya aina za majani na maua yameonekana juu ya udongo wa shaba wa Katanga. Mengi yake humea mahali pengine pia. Lakini orodha iliyotangazwa mwaka 2010 na watafiti wa Ubelgiji pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi yaonyesha aina 32 zisizopatikana mahali pengine popote ila juu ya udongo huu wenye shaba. Nchi nyingine zina simba kama wetu na mibuyu kama yetu, bali mimea hiyo haina makao mengine.

Mimea inayoitwa ua la shaba ni zaidi ya mmoja, na yafaa tuitofautishe. Mmoja jina lake la elimu ni Haumaniastrum katangense. Huo huota wakati wa mvua, huchanua, humwaga mbegu, kisha hufa. Maisha yake ni ya mwaka mmoja. Mwingine ni Ocimum centraliafricanum, ambao vitabu vya zamani viliuita Becium homblei, kwa kumkumbuka Homblé, Mbelgiji aliyekusanya mimea ya Katanga mwanzoni mwa karne ya 20. Yote miwili ni ya jamaa moja na mrehani na kivumbasi, mimea ambayo mama zetu waijua vizuri. Lakini huu wa pili haufi mwaka ukiisha. Ni mmea wa kudumu.

Siri ya udumu wake iko chini. Sehemu inayoonekana juu ya ardhi ni ndogo, majani machache na vijiti vyembamba. Nguvu yake imefichwa katika shina gumu kama kuni, lililozikwa udongoni pamoja na mizizi yake. Moto wa kiangazi unapopita kilimani, kila kitu hugeuka majivu, na mtu apitaye husema: hapa pamekufa. Baada ya muda kidogo machipukizi hutoka katika shina lile, na maua huchanua juu ya ardhi nyeusi, mawingu ya kwanza yakiwa hayajakusanyika bado.

Basi, jambo lililomfurahisha jirani yangu, maua kabla ya mvua, halikuwa dalili ya rutuba hata kidogo. Mmea ule ulikuwa unakula akiba yake ya mwaka uliopita, kama mtu mwenye busara aliyeweka gunia la unga kwa ajili ya miezi ya njaa. Mbegu ya lengalenga haina akiba ya namna hiyo. Ikitupwa hapo, italazimika kuishi kwa udongo peke yake, nao udongo utaikataa.

Mtaniuliza: mbona ua hili halidhuriki? Mimea iliyozoea shaba ina njia mbalimbali za kujilinda. Mingine huizuia shaba mizizini isipande juu kwa wingi. Mingine huipokea na kuiweka mahali isipoweza kuharibu kazi ya uhai. Juu ya Haumaniastrum wataalamu wengine wamefikiri hata ya kwamba shaba yausaidia, kwa kuwa katika udongo wa kawaida mmea huo hushambuliwa upesi na kuvu, na kuvu huogopa shaba. Yaani ardhi inayowaua wengine yawa kwake boma la kumkinga na adui. Tena kuna faida nyingine iliyo wazi kwa kila mtu: pale kilimani hakuna mti mrefu wa kumnyima jua.

Mzee wetu hakuwa wa kwanza kuisoma ardhi kwa kuangalia kilichomea juu yake. Babu zetu wa nchi hii waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya kufika kwa reli. Huko Naviundu, karibu na Lubumbashi, yamechimbuliwa mabaki ya kazi hiyo yanayokisiwa kuwa ya karne ya 4. Baadaye misalaba ya shaba ya Katanga ilisafiri mbali, ikatumika kama fedha na ikazikwa pamoja na wafu katika makaburi ya bonde la Upemba. Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne, mkuu wa misioni ya Wabenedikto wa Katanga, alichapisha habari za hao wafua shaba, walioitwa walaji wa shaba, akaeleza jinsi walivyofanya kambi kiangazi, wakachimba mawe ya kijani, wakavukuta moto usiku na mchana. Watu hao walijua thamani ya kilima kisicho na miti. Alipokuja Jules Cornet, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, mwaka 1892, yeye naye alistaajabia utajiri uliokuwa wazi machoni pake.

Katika miaka ya 1950 watafuta madini wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walilifuata ua la shaba kwa makusudi, wakiandika katika ramani mahali lilipomea, kisha wakaleta mashine za kutoboa ardhi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamelitumia ua la mwaka mmoja kwa njia nyingine. Mahali palipokuwa na tanuru la wafua shaba, udongo ulibaki na vumbi la shaba kwa mamia ya miaka, na Haumaniastrum likajiotea hapo kwenye uwanda, mbali na kilima. Walipochimba chini ya maua hayo kandokando ya Lubumbashi, walikuta mabaki ya tanuru. Wenye kazi walikuwa wamesahauliwa, ua likatunza kumbukumbu yao.

Lakini tusilifanye ua kuwa mganga wa ramli. Utafiti wa Howard-Williams, uliotangazwa mwaka 1970, ulionyesha kwamba Ocimum hilo laweza kumea hata mahali pasipo na shaba nyingi. Kwa hiyo shahidi mmoja hatoshi. Mzee wetu hakulitazama ua tu. Aliona pia ya kuwa hapana miti, ya kuwa majani ni mafupi na machache, kisha akaokota jiwe la kijani. Mashahidi wanne waliposema neno moja, ndipo alipofungua kinywa.

Sasa turudi kwenye bustani. Jirani yangu alisema: “Kama lengalenga haitaota, nitapoteza mbegu tu. Hasara iko wapi?” Hasara kubwa si pale mboga inapokataa kuota. Ni pale inapokubali. Pembezoni mwa ardhi ya namna hii, ambapo shaba imepungua kidogo, mboga huweza kuota ikapendeza macho, huku imebeba madini ndani ya majani yake na vumbi juu yake. Wala si shaba peke yake: kobalti huja pamoja nayo, na mahali penye migodi na viwanda huonekana pia risasi na kadmi.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Waliona kwamba watu waishio karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, kupita kiasi kinachoonekana kwa kawaida kwa watu wa nchi nyingine, na watoto walizidi watu wazima. Watoto hao hawakuwa wachimbaji. Waliipata kwa chakula, kwa maji, na kwa vumbi la uani wanakochezea.

Kuhusu vumbi hilo, nisikieni habari ya wataalamu waliokosea na kuusahihisha mwendo wao. Kwa miaka mingi vitabu viliandika ya kwamba mimea fulani ya vilima vya shaba hukusanya madini kwa wingi wa ajabu katika majani yake. Mwaka 2007 watafiti wa Brussels na Lubumbashi waliyaosha majani kwa uangalifu kabla ya kuyapima, wakakuta kiasi kimepungua sana. Sehemu kubwa ya shaba iliyohesabiwa zamani haikuwa ndani ya jani, ilikuwa vumbi lililoshikamana juu yake. Ikiwa wataalamu wenye mizani na darubini walidanganywa na vumbi, je, sisi wenye sufuria hatutadanganywa?

Basi, akina mama, na akina baba mnaowasaidia, shikeni mambo haya machache.

Kwanza, msichague mahali pa bustani kwa sababu pako wazi. Ulizeni kwanza kwa nini pako wazi. Mahali palipofyekwa na mtu pana visiki, au pana mzee anayekumbuka aliyefyeka. Mahali pasipo na kisiki, pasipo na mti mchanga hata mmoja, penye mawe ya kijani na maua tusemayo, paacheni.

Pili, kama nyumba iko karibu na mgodi na hamna ardhi nyingine, lima matuta yaliyoinuliwa, kwa udongo ulioletwa kutoka mbali na uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mifuko mikubwa na mabeseni yaliyotoboka hufaa pia. Chokaa na samadi hupunguza nguvu ya shaba udongoni, lakini haviiondoi. Maji ya mto upitao karibu na mgodi au kiwanda yasitumike kumwagilia.

Tatu, osheni lengalenga, matembele na sombe kwa maji safi, mara mbili au tatu, mkibadili maji kila mara, kabla ya kukata wala si baada. Kuosha huondoa vumbi la juu tu. Madini yaliyomo ndani ya jani hayatoki, na ndiyo maana shauri la kwanza lapita hili la tatu.

Nne, watoto wanawe mikono kabla ya kula bukari. Na mama mwenye mimba atamaniye udongo wa kula, kama wengi wanavyotamani, asiuokote ovyo wala asinunue udongo asioujua ulikotoka.

Hapo ningeweza kuweka kalamu chini, lakini nisingelitendea haki ua. Tumekwisha kusema linavyotusaidia kwa kutuonya. Na je, sisi tunalitendeaje?

Jirani na mtaa wetu wa Ruashi kiko kilima cha Kalukuluku, ambacho wazungu walikiita Étoile, yaani Nyota. Hapo ndipo Union Minière ilipoanzia kuchimba, na mwezi wa Juni mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa katika tanuru la Lubumbashi. Tangu siku hiyo kilima kimekuwa shimo, na shimo limeendelea kupanuka. Ruashi nayo ina mgodi wake. Sisemi kwamba shaba ni laana. Mji huu umejengwa kwa shaba, na baba wengi wamelipa karo za shule kwa mshahara wa mgodi; hata jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997. Lakini mimea ya shaba na shaba yenyewe hukaa mahali pamoja. Anayetaka kuitoa shaba yote aondoa paa la nyumba pamoja na watu waliolala ndani.

Kuna mmea mmoja mdogo ambao wataalamu wameuita Crepidorhopalon perennis. Neno perennis ni la Kilatini, maana yake ni udumuo miaka yote. Umeitwa hivyo kwa sababu haufi kiangazi kama wale wa mwaka mmoja. Makao yake katika dunia nzima ni machache mno, nayo yako hapa, kandokando ya Lubumbashi. Kalukuluku ndiko kunakojulikana zaidi. Na leo mmea huo umehesabiwa miongoni mwa ile iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Umevumilia sumu ya udongo, umevumilia moto wa kila mwaka na miezi mingi bila tone la mvua. Jina la udumu lilikuwa lake kwa haki. Kitu kimoja tu hauwezi kukivumilia, nacho ni kuondolewa ardhi yenyewe chini ya mizizi yake.

Wengine watasema: ni jani tu, lina faida gani? Naam, tazameni Penga Penga, upande wa mji ulioelekewa na moshi wa kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba. Kwa miaka mingi moshi ule ulimwaga salfa na madini juu ya ardhi, miti ikafa, mvua ikaukokota udongo, mahali pakawa peupe. Bustani na nyumba ziko karibu, na upepo wa kiangazi hurusha vumbi juu yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipotafuta mmea wa kuifunika ardhi hiyo, hawakuupata katika nchi za ng'ambo. Waliuchukua katika vilima vya shaba: jani fupi liitwalo Microchloa altera, lililozoea udongo wa namna ile tangu kale. Wakatia chokaa na samadi, wakalipanda, likashika. Jani tulilodharau ndilo linaloweza kulizuia vumbi lisiingie katika vyungu vyetu. Na nani ajuaye ni lipi jingine litakalohitajiwa na wajukuu wetu, siku migodi itakapofungwa na mashimo kubaki?

Tena kuokoa si jambo lisilowezekana. Huko Fungurume, kampuni ya Tenke Fungurume Mining pamoja na wataalamu wa Gembloux, Ubelgiji, na wa Lubumbashi, walikusanya mbegu, wakahamisha mimea pamoja na udongo wake kutoka vilima vilivyokuwa vinachimbwa. Mbegu za mimea ya shaba zatunzwa pia katika bustani ya mimea ya Meise, karibu na Brussels. Ni kazi njema. Lakini mbegu iliyo kabatini ni kama picha ya mtu aliye safarini: yatufariji, ila si yeye. Mmea wahitaji kilima chake, na njia iliyo bora ni kubakiza, katika kila mahali panapochimbwa, sehemu isiyoguswa. Jambo hilo si la wakubwa wa migodi tu. Walimu wa Ruashi waweza kuwapeleka watoto kuyatazama maua yaliyosalia, bila kuyang'oa. Mtoto aliyefundishwa jina la ua la kwao hatalikanyaga bila kufikiri.

Nanyi mtataka kujua mambo ya jirani yangu yaliishaje. Alikwenda kwa aliyemwuzia kiwanja, akadai fedha yake. Yule akasema fedha imekwisha kutumika, akamshauri amtafute mtu mwingine, amwuzie naye, anyamaze. Mtu huyo alipatikana upesi: mama mgeni, aliyehamia mtaani karibuni, mwenye mtoto mgongoni na hamu ya kulima. Akaja na fedha mkononi, akauliza: “Mama, udongo wake ni mzuri?”

Jirani yangu aliniambia kwamba aliitazama fedha ile, kisha akamtazama mtoto. Halafu akamshika mgeni mkono, akampeleka mpaka katikati ya kiwanja, akamwonyesha ua, akamwonyesha jiwe la kijani, akamweleza yote aliyoyasikia kwa mzee. Mgeni alirudi na fedha yake. Jirani yangu alirudi bila kitu.

Mwaka huu ana matuta manne nyuma ya nyumba, ya udongo ulioletwa kwa baiskeli kutoka mbali na mgodi, na lengalenga yake imestawi hata anatugawia jioni nyingine. Mama mgeni hulima matuta mawili kando yake, katika ua ule ule, kwa kuwa jirani yangu alimwita. Kile kiwanja hakuna aliyekilima. Moto ulipita mwezi wa Agosti, na juzi nilipopita hapo maua yalikuwa yamekwisha kuchanua.